Chupa ya Maji Darasani: Vidokezo 6 kwa Wazazi na Walimu

Shule zinafunguliwa Januari, na Januari ya Dar es Salaam ni fukuto tupu. Watoto hamsini chini ya bati, hewa haitembei. Mwaka jana binti yangu alirudi saa tisa na chupa imejaa kama nilivyoijaza asubuhi, kichwa kinamuuma. "Mwalimu kasema maji ni saa nne tu." Tangu siku hiyo hili jambo silifanyii mzaha.

1. Uliza utaratibu kabla hujanunua chupa. Kuna shule zinazotaka chupa ikae kwenye begi, nyingine chini ya dawati. Ya kioo usinunue. Andika jina kwa kalamu isiyofutika.

2. Weka maji, basi. Juisi inaita sisimizi na kuozesha meno. Chemsha usiku: yakishatokota sawasawa, yaache dakika 1, kisha yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa. Asubuhi ni kumimina tu.

3. Fungua kifuniko ukitazame. Ng'oa ule mpira mdogo wa ndani, pitisha kidole chini yake. Ukikuta utelezi mweusi, ndio mtoto amekuwa akiunywa. Sabuni, maji ya moto na mswaki wa zamani vinatosha, kila siku.

4. Mfundishe mtoto kutazama mkojo wake. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, yuko sawa. Ukikolea kama chai ya rangi, anywe. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaelewa hilo.

5. Mwalimu, ruhusa ya maji iende na ruhusa ya choo. Najua kero zenu: chupa zinaanguka, madaftari yanalowa, wengine wanarushiana maji. Hayo yanamalizwa kwa kuweka chupa sakafuni na kunywa kila kipindi kinapoisha. Choo ndicho kigumu. Wasichana wengi hawanywi kwa makusudi, maana choo hakina mlango au foleni haiishi. Kiwango cha Tanzania ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Kamati ya shule ihesabu matundu yaliyopo, kisha ndipo izungumze habari ya chupa.

6. Mtoto mwenye selimundu asisubiri kengele. Figo zake hazibani maji vizuri, kwa hiyo anakojoa mara kwa mara na anaishiwa maji upesi kuliko wenzake. Mwili ukikauka, chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo yanapoanza yale maumivu ya mifupa na kifua yanayompeleka hospitali. Kwake chupa iliyo mezani ni sehemu ya matibabu. Mzazi, omba barua kwa daktari, mpe mwalimu wa darasa mkononi, na nakala ibaki kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akibadilishwa, anza upya. Nanyi walimu, mkimwona anainuka kwenda chooni kwa mara ya tatu, msimuulize mbele ya wenzake. Mwacheni aende, na akirudi anywe.