Kiingereza cha Biashara: Nani Anamdai Nani?

Wengi wetu tuliohitimu kisomo sasa tumeanza kujifunza Kiingereza kidogo. Wengine ni makatibu wa vyama vya ushirika. Wengine wana maduka. Wengine wanauza kahawa, asali au ufuta kwa wanunuzi wa mbali. Barua zinakuja kwa Kiingereza, ankara zinakuja kwa Kiingereza, na sisi tunajaribu kujibu. Hapo ndipo makosa yanapoanza.

Makosa hayo si ya namna moja. Kuna makosa ya kuchekwa tu, na kuna makosa ya kupoteza fedha. Mwalimu wa darasani huyasahihisha yote kwa kalamu moja nyekundu. Sisi tutayatenga.

Ya kuchekwa ni kama haya. Mtu anaandika "informations" akitaka kusema habari nyingi. Kumbe neno hilo kwa Kiingereza halina wingi, ni "information" tu, iwe habari moja au mia. Mwingine anamwita mama mwenyekiti "he", neno la mwanamume, badala ya "she". Sababu tunaijua: neno letu "yeye" halibagui mke na mume. Basi, mnunuzi atatabasamu, ataelewa, atalipa. Wala usikose usingizi kwa makosa hayo.

Sasa tuje kwenye makosa ya fedha.

Kwa Kiswahili tunasema kopa, tukiongeza mkia kidogo tunapata kopesha. Neno ni lile lile. Kiingereza hakifanyi hivyo, kinabadilisha neno zima. Kukopa ni "borrow", hutamkwa boro. Kukopesha ni "lend", hutamkwa lend. Mwanafunzi aliyezoea neno moja hushika "borrow" peke yake akalitumia pande zote mbili. Anaandika: "We borrowed him 300,000 shillings." Alitaka kusema, tulimkopesha shilingi 300,000. Lakini msomaji ataona neno la kukopa, na anaweza kuelewa kwamba chama ndicho kilichokopa. Ilipasa kuandika: "We lent him 300,000 shillings." Hilo "lent" ni "lend" ya wakati uliopita.

Lililo baya zaidi ni neno "owe". Ni neno fupi, hutamkwa ou. Maana yake ni kudaiwa. Siyo kudai! Katibu anataka kumwandikia mnunuzi, "Tunakudai." Anaandika: "We owe you." Kumbe amesema, "Wewe unatudai sisi." Ameandika deni kwa mkono wake mwenyewe, na pengine akapiga muhuri wa chama juu yake. Barua sahihi ni hii: "You owe us." Yaani, wewe unadaiwa na sisi. Kila ukitaka kuandika "owe", jiulize kwanza: nani atatoa fedha? Huyo ndiye atangulie katika sentensi.

Neno jingine ni "outstanding". Mwanafunzi amelisoma darasani katika maneno "outstanding farmer", yaani mkulima bora sana. Siku moja chama kinapata barua yenye maneno "outstanding balance". Mtu anaweza kudhani chama kinasifiwa, barua ikabandikwa ukutani! Katika hesabu maana yake ni salio la deni ambalo halijalipwa. Ukiona neno hilo karibu na fedha, tafuta daftari la madeni upesi.

Sasa habari ya wakati. Sisi tunasema "mpaka Ijumaa" au "hadi Ijumaa", na inatosha. Waingereza wana maneno mawili. "Until" ni kwa jambo linaloendelea mpaka siku hiyo, kama ghala lililo wazi mpaka tarehe 30 Juni. "By", hutamkwa bai, ni kwa jambo linalotakiwa liwe limekwisha siku hiyo au kabla yake. Barua ikisema, "Pay by 30 June," maana yake malipo yasipite tarehe 30 Juni. Haisemi kwamba uanze kulipa siku hiyo. Ukilipa tarehe 20 ni sawa. Ukilipa tarehe 1 Julai umechelewa.

Saa nazo zinasumbua. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, wao wanaanza usiku wa manane. Ukitaka lori lije saa 3 asubuhi, usiandike "3 a.m." Hiyo ni saa 9 usiku. Andika "9 a.m." Njia rahisi ni kutazama uso wa saa: namba iliyo mkabala na saa yako ya Kiswahili ndiyo ya Kiingereza. Mbili inatazamana na nane, moja inatazamana na saba. Alama "a.m." ni tangu usiku wa manane hadi adhuhuri, na "p.m." ni tangu adhuhuri hadi usiku wa manane. Hivyo saa 8 mchana ni "2 p.m."

Kuhusu tarehe tutasema moja tu. Mkiandika 5/6, sisi tunaelewa 5 Juni, lakini Mmarekani atasoma Juni 5 kuwa 6/5, na hiyo 5/6 yenu kwake ni 6 Mei. Andikeni jina la mwezi kwa herufi.

Wakulima wa kahawa wana tabu yao peke yao, nayo ni neno "pound". Kiswahili kina pauni, yaani fedha ya Uingereza, na kina ratili, yaani uzito. Kiingereza kinatumia neno hilo moja kwa vyote viwili. Bei ya Arabika katika soko la New York hutajwa kwa senti za dola kwa ratili moja. Robusta katika soko la London hutajwa kwa dola kwa tani. Sasa tuseme, kwa mfano, bei ya Arabika ni senti 200, yaani dola 2 kwa ratili. Mtu anayedhani ratili ni kilo atazidisha 2 kwa 60, apate dola 120 kwa gunia la kilo 60. Lakini kilo moja ina ratili 2.2, kwa hiyo gunia hilo lina ratili 132 hivi, na bei yake ni dola 264. Angalieni tofauti hiyo! Bila shaka hiyo ni bei ya kahawa safi katika soko la dunia. Mkulima hapati yote, kwa kuwa kuna gharama za kukoboa, kusafirisha na nyingine. Hata hivyo, ukienda kujadiliana bei na hesabu ya dola 120 kichwani, umeshindwa kabla ya kukaa kitini.

Katika mikataba angalieni maneno mawili, "shall" na "may". Shuleni mwanafunzi hufundishwa kwamba "shall" ni wakati ujao. Katika mkataba neno hilo ni amri: "The buyer shall pay within 14 days," yaani ni lazima mnunuzi alipe ndani ya siku 14. "May", hutamkwa mei, ni hiari. Mkutano wa wanachama ukikubali kwamba mnunuzi atoe malipo ya kwanza, kisha mkataba ukaandikwa "may pay", hapo hamna cha kudai. Atalipa akipenda.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo msione haya kuomba nakala ya Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Zikiwapo nakala mbili, ulizeni ni ipi itakayofuatwa iwapo zitatofautiana.

Na anayepokea mzigo asome maneno yaliyo juu ya mstari wa sahihi. Yakiwa "received in good condition", maana yake umekiri kwamba mzigo umefika ukiwa mzima. Hebu fungua kwanza, hesabu, kisha utie sahihi. Kama mifuko 3 ya mbolea imepasuka, andika hapo hapo, hata kwa Kiswahili.

Zoezi. Someni kwa pamoja katika kikundi chenu. Barua ya kwanza inasema: "You owe the society 80,000 shillings. Pay by 15 August." Nani atatoa fedha, na mwisho ni lini? Barua ya pili inasema: "The buyer may collect the honey at 7 a.m." Je, mnunuzi analazimika kuja? Akija, mmngoje saa ngapi?

Majibu: Atakayetoa fedha ni aliyeandikiwa barua, siyo chama. Mwisho ni tarehe 15 Agosti, na akilipa kabla ni sawa. Mnunuzi wa asali halazimiki kuja. Akija, mmngoje saa 1 asubuhi.