Pesa ya ndengu ikiingia, ipe kazi mapema

Kitui na Makueni, ndengu na maembe huleta pesa mwanzoni mwa mwaka. Mvua tunayoitegemea zaidi huanza Oktoba. Katikati kuna miezi mirefu ya kununua maji kwa mtungi. Kwa hivyo, "nitanunua tangi siku moja" bado si lengo. Lengo lina kiasi na tarehe. Tuseme tangi ni sh 12,000, na unalitaka kufikia mwisho wa Septemba.

1. Ukiuza ndengu, weka sh 6,000 siku hiyo hiyo. Ukingoja wiki, zitapata njia nyingine.

2. Gawanya zilizobaki. Aprili hadi Septemba ni miezi 6: sh 1,000 kwa mwezi, kama 250 kwa wiki.

3. Zifunge. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ina akaunti ya kufunga akiba kwa muda unaochagua.

4. Kila tarehe 1, angalia salio. Umeruka mwezi? Usiache. Gawanya upya kwa miezi iliyobaki.

Anza leo: andika kiasi chako na tarehe yako. Mvua ikinyesha paani, iwe na pa kuingia.