Rangi mbili za majani mabichi

Chumba cha nkambo kina dirisha 1 tu. Kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi. Leo baba ameleta makopo 2 ya rangi. Zote mbili ni rangi ya majani mabichi, lakini hazifanani. Moja ni kama jani changa la mgomba. Ya pili ni nzito kama malakiti, lile jiwe la shaba la Katanga.

Petro asema: «Tuchague ya malakiti!»

Maria ajibu: «Hapana, ya mgomba ndiyo nzuri.»

Baba asema: «Wanangu, msihukumu rangi ndani ya kopo. Tuzijaribu ukutani.»

Baba apaka kila rangi mahali 2: karibu na dirisha, tena katika pembe ya mbali. Wangoja mpaka kesho yake, kwa kuwa rangi mbichi si sawa na rangi iliyokauka.

Asubuhi, karibu na dirisha, rangi zote mbili zapendeza. Lakini katika pembe, ya malakiti yafanana na nyeusi. Jioni wawasha taa. Sasa ya mgomba yaelekea manjano kidogo. Ya malakiti haionekani vizuri.

Petro ashangaa: «Rangi ni ile ile. Mbona imebadilika?»

Baba aeleza: «Si rangi iliyobadilika, ni mwanga. Rangi nzito humeza mwanga mwingi. Rangi nyepesi huurudisha chumbani.»

Kisha baba amwita nkambo: «Mama, chumba ni chako. Wapenda ipi?»

Nkambo ajibu: «Ya malakiti ni nzuri sana. Lakini macho yangu yamechoka. Jana sindano ilinichoma mara 2. Nipeni ile itakayonisaidia kuona uzi.»

Petro anyamaza. Alikuwa amefikiri macho yake tu. Halafu asema: «Baba, chini ya ukuta huchafuka upesi kwa mikono na matope. Tupake ya malakiti huko chini, na ya mgomba juu.»

Nkambo acheka: «Vema, mjukuu wangu!»

Wafungua dirisha na mlango, waanza kazi.

Maulizo
1. Kwa nini baba hakuchagua rangi ndani ya kopo?
2. Rangi gani humeza mwanga?
3. Nani alipaswa kuulizwa kwanza? Kwa sababu gani?
4. Chukua jani changa na jani lililokomaa. Yatazame juani, kisha katika pembe ya darasa. Waona nini?