Ng'ombe Abaki Malishoni

*Mshauri, mimi ni katibu wa shule hapa Nyamitaba, Masisi. Tuna kompyuta moja ya mtumba, ya Windows 7, RAM giga 1. Betri yake imekufa, tunategemea sola. Nikifungua Word, naweza kwenda kuchota maji na kurudi kabla haijawa tayari. Mara mbili umeme umekatika nikapoteza muhtasari wa mkutano wa wazazi. Kaka yangu ananiambia niuze ng'ombe, ninunue mashine mpya Goma. Nifanyeje?*

Ndugu Katibu,

Ng'ombe abaki malishoni. Kompyuta yako bado inaweza kuandika. Kinachoielemea ni Word. Programu hiyo hubeba fonti, rangi, picha na ukaguzi wa tahajia kabla hujaandika herufi ya kwanza, na Windows yenyewe imekwisha kumega sehemu kubwa ya ile giga 1. Muhtasari wa mkutano unataka maneno, tarehe na majina ya waliohudhuria, basi.

Kwa hiyo kuandika kuwe kazi moja, kupamba kazi nyingine. Andika maandishi matupu, faili za .txt, kwa programu nyepesi ya kuandikia. Vichwa vya habari na majedwali yangoje siku ya kuchapisha, na hata hayo unaweza kuwaachia watu wa sekretariati mjini.

Kwa kuwa adui yako ni umeme, nakushauri programu iitwayo Vim. Unapoandika, huweka nakala pembeni kila baada ya herufi 200 hivi, au ukitulia sekunde 4. Sola ikizima, washa tena, fungua faili ileile: Vim itakuambia imekuta nakala. Bonyeza R, maandishi yatarudi, kisha uhifadhi. Ikikuuliza tena baadaye, nawe umehakikisha maneno yote yapo, bonyeza D ifute ile nakala ya zamani.

Sikufichi, siku za kwanza utachanganyikiwa. Unabonyeza i ndipo uanze kuandika, Esc ukimaliza, kisha :w kuhifadhi na :q kutoka. Kibodi yako ikiwa ya AZERTY, kama zinazotoka Ubelgiji, hiyo alama ya nukta mbili unaipata bila Shift. Ndani yake kuna somo la mazoezi la kama nusu saa, na lipo kwa Kifaransa pia. Lifanye lote, vidole vyako, usimwachie kijana akufanyie.

Programu hii ina undugu na kanda yetu. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulikia maji na usafi mahali ambapo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Vim hailipiwi, ila ukiifungua tupu, skrini inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na ombi lile limebaki.

Jambo la usalama: Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 Januari 2020. Usikubali flashi ya kila mpita njia. Ukipata mtu anayejua kazi akakuwekea Linux nyepesi kama antiX badala ya Windows, mkubalie, lakini kwanza atoe nakala za faili zako zote.

Na nakala ndizo ninazokusihi zaidi. Ukurasa mmoja wa maandishi matupu ni kilobaiti 2 au 3. Flashi ndogo kabisa inameza mihtasari na orodha zote za shule yenu kwa miaka mingi. Nunua mbili, moja ukae nayo wewe, nyingine mkuu wa shule. Masisi watu wanajua kuondoka nyumbani usiku bila kuchagua cha kubeba. Orodha ya wanafunzi ikiwa mfukoni mwako, mtoto aliyekimbilia mbali akaomba nafasi katika shule ya wenyewe, utaweza kuonyesha alikuwa darasa la ngapi.