SOMO: VIFAA SALAMA VYA KUZIBIA MATANGI MAKUBWA YA SAMAKI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Bukoba na Muleba, wakiwemo wakazi wa visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba, wanaofuga samaki katika matangi ya kioo au ya saruji, wanaombwa kulisoma somo hili kabla ya kununua gundi ya kuzibia nyufa. Tangi laweza kuzibwa likaacha kabisa kuvuja, na samaki wote wakafa kabla juma halijaisha, kwa sababu ya kile kilichotumika kuziba.

Hasara hiyo haipimwi kwa shilingi peke yake. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zinazokadiriwa kuzidi 500 za furu. Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na alipoongezeka katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi yake ziliendelea kuishi katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Kwa samaki wa namna hiyo, ukarabati uliofanywa ovyo waweza kumaliza kizazi.

Kwa matangi ya kioo, gundi ifaayo ni silikoni tupu, isiyochanganywa na dawa ya kuua ukungu. Silikoni nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mabafu na majiko huwekewa dawa hiyo, nayo huchujuka ndani ya maji na kudhuru samaki. Hivyo maelezo ya chombo yasomwe hadi mwisho; yakitaja kuzuia ukungu, gundi hiyo iachwe dukani. Inafaa ifahamike pia kwamba alama ya ubora iliyobandikwa kwenye bidhaa ya ujenzi haina maana kwamba bidhaa hiyo ni salama kwa samaki. Harufu ya siki inayotoka wakati silikoni ikikauka si dalili ya ubaya. Ni asidi inayoondoka, na ikikwisha gundi huwa imetulia.

Kosa linalorudiwa sana ni kupaka silikoni mpya juu ya ya zamani. Hazishikani. Ya zamani ikwanguliwe yote kwa wembe, kioo kisafishwe kwa spiriti na kikaushwe, ndipo mpya ipakwe kwa upande wa ndani, ili maji yaikandamize badala ya kuibandua. Katika tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, maji yana uzito wa tani 2, na ubavu mmoja mrefu husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1. Kwa sababu hiyo kioo chenyewe kikipasuka kisizibwe, kibadilishwe.

Matangi ya saruji yana mambo yake. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani, na waliokarabati kuta wanajua kwamba ufa unaocheza hauzibiki kwa plasta ngumu: hufunguka tena. Ufa kama huo huhitaji kitu kinachonyumbuka. Silikoni yenye harufu ya siki haishiki saruji vizuri. Itafutwe ile isiyotoa harufu hiyo, au rangi ya epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya maji ya kunywa, ikiwa imechanganywa kwa vipimo kamili na kuachwa ikauke kabisa. Lami na rangi ya mafuta ya kawaida zisitumike.

Plasta mpya nayo hutoa chokaa. Maji ya Ziwa Victoria, kama ya mvua, ni laini, na chokaa kidogo tu huyageuza kuwa makali. Yakiwa hivyo, amonia itokanayo na kinyesi cha samaki huzidi kuwa sumu. Tangi lijazwe na kumwagwa mara kadhaa, kila mara maji yakae siku chache, hadi kipimo cha ukali wa maji kionyeshe kwamba hakipandi tena. Aidha, koki za shaba, mabati na mabomba yaliyopakwa zinki visiguse maji hayo, kwa kuwa madini hayo huua samaki upesi zaidi katika maji laini. Mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa yanatosha.

Silikoni hukauka kuanzia juu kwenda ndani, takriban milimita 2 au 3 kwa siku, na polepole zaidi pale hewa isipofika. Kwa tangi kubwa, lenye maungio manene, isubiriwe wiki nzima au zaidi. Kisha lijazwe, likae siku kadhaa, limwagwe na kujazwa upya. Waanze kuingia perege wachache wadogo. Wakila na kuogelea kama kawaida kwa wiki moja, wengine wafuate. Mwenye shaka juu ya bidhaa fulani aende kwa Afisa Uvuvi wa wilaya yake na chombo chenyewe mkononi, kikiwa bado na maandishi yake.