Tasrifu ya "Hablar": Mkia wa Kitenzi na Amana ya Maneno



Ndugu msomaji, muhula uliopita nilimzulia maiti maneno. Sikukusudia, lakini nilifanya, tena mbele ya darasa zima. Somo la leo limetokana na kosa hilo, na nimeliandika ili wewe usilirudie.

Tulikuwa tunasoma historia ya Andalusi. Nilipewa mada ya Wamorisko, yaani Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa kuanzia miaka michache baada ya Granada kuanguka tarehe 2 Januari 1492. Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujifundisha Kihispania, niliona nijaribu kusoma makala fupi ya lugha hiyo na kunukuu mambo kwenye simu. Kwa haraka zangu sikuweka zile alama ndogo zinazokaa juu ya herufi. Katika nukuu zangu palikuwa na sentensi hii: *Hablo con el juez en arabe.*

Nikasimama, nikawatafsiria wenzangu: "Ninazungumza na hakimu kwa Kiarabu." Nikaongeza na maelezo kuhusu ushujaa wa mtu anayesema hivyo kwa kinywa chake. Dada mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Samahani kaka, hayo ni maneno yake mwenyewe au ya aliyemsimulia?"

Nilijibu kwa kujiamini kwamba ni yake. Usiku nikafungua makala tena. Iliandikwa: *Habló con el juez en árabe.* Maana yake: "Alizungumza na hakimu kwa Kiarabu." Aliyesema ni msimulizi, wala yule mtu hakunukuliwa hata neno moja. Alama moja juu ya *o* ilikuwa imegeuza "yeye" kuwa "mimi" na "jana" kuwa "leo".

Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunajua tofauti ya *qultu* na *qaala*. Mpokezi akichanganya hayo mawili, hatumwamini tena kirahisi. Basi tukae chini tujifunze kitenzi hiki kama tulivyojifunza tasrifu madrasa.

Mzizi na mkia

Vitenzi vya Kihispania katika umbo la masdari huishia kwa *-ar*, *-er* au *-ir*. *Hablar*, yaani kuzungumza, ni cha kundi la kwanza, na ni kitenzi cha kawaida: ukikijua hiki umejua na *trabajar* (kufanya kazi), *estudiar* (kusoma), *escuchar* (kusikiliza) na vingine vingi sana. Herufi *h* haitamkwi, kwa hiyo tunasema "ablar".

Ondoa *-ar*, unabaki na mzizi *habl-*. Mzizi huo hautabadilika. Kinachobadilika ni mkia.

Hapa Mswahili anahitaji kugeuza mawazo. Kwetu sisi mtendaji na wakati hukaa mbele ya mzizi: *ni-li-zungumza*, *a-ta-zungumza*. Kihispania huviweka nyuma. Lakini aliyesoma sarufi ya Kiarabu hana la kushangaa, kwa sababu ameshaona mambo hayo katika madhi: *katabtu*, *katabta*, *katabat*. Mtendaji yuko mkiani. Kihispania ni kama kwamba kimechukua mtindo huo wa madhi kikautumia katika nyakati karibu zote. Tofauti nyingine ni kwamba madrasa tulianza na *huwa*, yeye, ilhali vitabu vya Kihispania huanza na *yo*, mimi. Wenzetu wa Burundi na Rwanda waliosoma Kifaransa shuleni watauona undugu wa lugha hizi mbili haraka zaidi.

Nyakati saba

Mpangilio wa kila mstari ni huu: mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao.

Wakati uliopo (ninazungumza):
*hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan*

Wakati uliopita, jambo lililofanyika likaisha (nilizungumza):
*hablé, hablaste, habló, hablamos, hablasteis, hablaron*

Wakati uliopita wa mazoea au wa jambo lililokuwa likiendelea (nilikuwa nikizungumza):
*hablaba, hablabas, hablaba, hablábamos, hablabais, hablaban*

Hali timilifu (nimezungumza):
*he hablado, has hablado, ha hablado, hemos hablado, habéis hablado, han hablado*

Wakati ujao (nitazungumza):
*hablaré, hablarás, hablará, hablaremos, hablaréis, hablarán*

Hali ya sharti (ningezungumza):
*hablaría, hablarías, hablaría, hablaríamos, hablaríais, hablarían*

Hali ya matakwa (nizungumze):
*hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen*

Angalia mambo manne kabla hujaanza kukariri.

Kwanza, wakati ujao na hali ya sharti havikuondoa *-ar*. Vimechukua masdari nzima, *hablar*, vikaongeza mkia. Hiyo ndiyo alama ya kuvitambua.

Pili, *hablamos* ni "tunazungumza" na pia ni "tulizungumza". Maneno ya jirani ndiyo yatakayokuambia. Ukiona *ayer*, jana, basi ni wakati uliopita.

Tatu, *hablaba* ni mimi na pia ni yeye, na *hablaría* na *hable* ni vivyo hivyo. Mahali penye shaka Wahispania huongeza *yo* au *él*. Mahali pasipo na shaka hawaongezi, kama sisi tusivyosema "mimi ninakwenda" kila mara. Ndiyo maana sentensi yangu haikuwa na neno la kuniokoa. Mtendaji alikuwa ndani ya mkia tu, na mkia nilikuwa nimeukata.

Nne, kwenye hali ya matakwa, *habla* imekuwa *hable*. Sisi nasi tunasema *anazungumza*, kisha *azungumze*. Irabu *a* inageuka *e* huku na huku. Lugha hizi hazina ukoo mmoja, imesadifu tu, lakini ni sadfa ya kumsaidia mwanafunzi asisahau.

Alama ile ndogo

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ulimi wetu umezoea hivyo tangu utotoni. Kwa hiyo Mswahili akiona *habló* asipojiangalia atasoma *hablo*, na hapo ameshaharibu maana. Alama juu ya *ó* inakuambia: kaza sauti hapa, mwishoni.

Sisi wenyewe tunalo neno la kutukumbusha. *Barabara* ya kupitia magari na *barabara* ya kusema jambo liko sawasawa huandikwa kwa herufi zile zile, na anayesikiliza huzitofautisha kwa mkazo. Kwa Kihispania jambo hilo hutokea kila siku:

*hablo*, ninazungumza; *habló*, alizungumza
*hable*, azungumze, *hablé*, nilizungumza

Walimu wetu wa Qur'ani walitusimamisha mara ngapi kwa ajili ya haraka moja? Katika Suratul Fatiha neno *an'amta* ukilisoma *an'amtu*, umeondoa "Wewe" ukaweka "mimi", na umejipa sifa ya Mola wako. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba fat-ha na dhamma ni vitu vidogo. Basi na alama ya mkazo tusiiite ndogo.

Babu, baba na mjukuu

Kwa nini nikachagua "kuzungumza" kati ya vitenzi vyote? Kwa sababu kwa Wamorisko kitenzi hiki kilikuja kuwa kosa la jinai. Mwaka 1567, chini ya Mfalme Felipe wa Pili, ilitangazwa Granada amri iliyowapa miaka mitatu wajifunze Kihispania. Baada ya hapo ilikuwa marufuku kusema, kusoma au kuandika Kiarabu, hadharani au faraghani. Mzee wao mmoja, Francisco Núñez Muley, aliandika waraka wa kuipinga. Haukusikilizwa. Mwaka uliofuata yalizuka maasi katika milima ya Alpujarras, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wakafukuzwa Hispania.

Sasa soma sentensi hizi tatu. Nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi:

*El abuelo hablaba árabe.* Babu alikuwa akizungumza Kiarabu.
*El padre habló árabe una vez.* Baba alizungumza Kiarabu mara moja.
*El nieto no habla árabe.* Mjukuu hazungumzi Kiarabu.

Kwa babu ilikuwa ni lugha ya kila siku, ndiyo maana ya *hablaba*. Kwa baba ni tukio moja lililopita, huenda kwa siri, huenda akaponzwa nalo. Kwa mjukuu limebaki *no*. Vizazi vitatu vimekaa ndani ya mikia mitatu ya kitenzi kimoja. Ukitafsiri *hablaba* na *habló* zote kwa "alizungumza", umeifuta tofauti ya mtu aliyeishi ndani ya lugha yake na mtu aliyeigusa mara moja kwa hofu.

Lakini lugha ikizuiwa mdomoni hutafuta njia nyingine. Wamorisko wengi, wa Aragón hasa, waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo huitwa *aljamía*, kutokana na *ajamiyya*, lugha isiyo ya Kiarabu. Wazee wa pwani yetu nao waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo, na hakuna haja ya kuwaelezea wasomaji wa jarida hili jambo hilo lina uzito gani. Mwaka 1884, katika mji wa Almonacid de la Sierra, nyumba ya zamani ilipokuwa ikibomolewa, vilionekana vitabu vya namna hiyo vilivyokuwa vimefichwa. Vilikaa kimya kwa karibu miaka 300. Anayetaka kuvisoma leo lazima ajue *hablar*.

Ojalá na usted

Kuna neno ambalo Mhispania hulitamka kila siku bila kujua alikolipata: *ojalá*. Asili yake ni Kiarabu cha Andalusi, *law shaa Allah*, lau Mwenyezi Mungu angetaka. Leo hulisema Mkristo na asiye na dini pia, kwa maana ya "natamani iwe hivyo". Kisarufi hufuatwa na hali ya matakwa: *Ojalá hable*, natamani azungumze.

Kuna na neno *usted*, "wewe" la heshima, ambalo hufuatwa na mkia wa yeye: *usted habla*. Ukizungumza na mwalimu au mzee usiyemzoea, tumia hilo badala ya *tú*. Utawasikia watu wakisema *usted* limetokana na "ustadhi" wetu. Linapendeza, nami nililisambaza kwa furaha. Lakini wanaisimu wanaonyesha kwamba ni kifupisho cha *vuestra merced*, "fadhila yenu", lililofupishwa taratibu kwa kutamkwa na wengi. Kheri tubaki na *ojalá* lililo na ushahidi kuliko kujiongezea lisilo letu. Urithi wa Andalusi ni mkubwa, hauhitaji kutiwa chumvi.

Zoezi

Funika majibu, kisha tafsiri:

1. *Hablo con mi madre.*
2. *Habló con mi madre.*
3. *De niño hablaba suajili con mi abuela.* (Msimulizi anajisimulia mwenyewe.)
4. *Ojalá hable hoy.* (Tunamtamania mtu mwingine.)
5. *Hablaremos mañana.*

Majibu: 1. Ninazungumza na mama yangu. 2. Alizungumza na mama yangu. 3. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikizungumza Kiswahili na bibi yangu. 4. Natamani azungumze leo. 5. Tutazungumza kesho.

Njia iliyonisaidia mimi ni ya madrasa: mstari mmoja kila siku baada ya Alfajiri, kwa sauti, mara kumi, na mkono ukigonga meza pale mkazo unapoangukia. Wiki moja inatosha kwa mistari yote saba. Baada ya hapo chukua *estudiar*, uipitishe njia ile ile. Na kwenye simu yako bonyeza herufi ya irabu kwa muda, alama itajitokeza. Usinukuu bila hiyo.

Juma lililofuata niliomba dakika tano darasani. Nikaandika ubaoni *hablo* na *habló*, nikawaambia wenzangu: yule mtu hakusema nilichowaambia, ila aliyesimulia habari zake ndiye aliyesema. Yule dada akaandika kwenye daftari lake. Mtu aliyezuiwa na sheria kusema lugha yake, nami nikaja baada ya miaka 400 nikamsemea asiyoyasema. Nisingependa kukutana naye kabla sijasahihisha.

Wabillahi tawfiq.