Rangi ya Jinzi Kwenye Viti vya Ngozi: Somo kwa Wanaoosha Magari

Wasomaji wetu, somo la leo ni la vijana walio kwenye vikundi vya kuosha magari, na pia ndugu wenye teksi au gari la nyumbani lenye viti vya ngozi nyeupe au rangi ya krimu. Viti hivyo vinapendeza, lakini mtu aliyevaa jinzi mpya akivikalia kutwa nzima huacha alama ya samawati pale mapaja yalipokuwa. Leso mpya yaweza kufanya vivyo hivyo, hata mkoba wa rangi kali.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe, maana hatuoni haya tena kuyasema. Mteja alituletea gari ambalo kiti cha dereva kilikuwa kimeshika rangi. Kijana wetu mmoja, mwenye bidii kweli, akasugua kwa sabuni ya unga. Alama ikabaki. Akatia Jiki, bado ikabaki. Mwisho akaenda kwa jirani anayepiga magari rangi, akaomba thina kidogo kwenye kitambaa. Hapo samawati ilitoka mara moja, na krimu ya kiti ikatoka pamoja nayo! Kukabaki doa la kijivu ukubwa wa sahani. Tulilipia kiti kile kwa pesa tulizokuwa tumeweka za kununua mashine ya kuoshea, na mteja hakurudi.

Kijana hakuwa mvivu. Shida ni kwamba hakuna aliyemweleza kiti kimetengenezwa namna gani. Ngozi nyingi za viti vya magari hazikuachwa wazi. Kiwandani hupakwa rangi, halafu juu ya rangi hupakwa utando mwembamba, kama wa plastiki, wa kuikinga. Kwa hivyo unapoosha kiti, unachogusa ni ule utando, si ngozi yenyewe. Rangi ya jinzi nayo hukaa kwanza juu ya utando. Ikiachwa siku nyingi, tena gari likiegeshwa juani, inazama ndani na sabuni haiifikii. Ndiyo maana tunasema doa la jana ni rahisi kuliko la mwezi jana. Thina, na hata dawa ya kutoa rangi ya kucha, hazichagui: zinayeyusha utando na rangi ya kiwandani pamoja na doa.

Na kwa nini jinzi hasa? Rangi yake, indigo, haiyeyuki majini. Haifiki katikati ya uzi wa pamba, inashikilia kwa nje tu, na ndiyo sababu jinzi huchujuka pale magotini. Ikisuguliwa inatoka, na joto na jasho huisaidia. Jinzi ya mtumba iliyokwisha fuliwa mara nyingi haisumbui sana. Wako wanaosema uloweke jinzi mpya kwa chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa indigo, hiyo ni kupoteza chumvi. Ifue peke yake mara kadhaa kabla ya kuivaa garini.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya yote, weka tone la maji mahali palipofichika, kama chini nyuma ya kiti. Likikaa juu kama ushanga, utando upo. Likinywewa na mahali pale pakawa peusi, ngozi hiyo haina kinga. Usiiguse, mwambie mwenyewe apeleke kwa fundi wa ngozi. Kisha pangusa mchanga wote, kwa sababu mchanga ukisuguliwa unakwaruza.

Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukoroge mpaka yatoe povu. Tumia povu, si maji. Sabuni ya unga na ya kipande zina ukali wa magadi, na ngozi haiupendi. Kitambaa kiwe cha pamba na kiwe cheupe, ili uone rangi inavyotoka, na pia kisilete rangi yake. Fanya sehemu ndogo kama kiganja, ukizungusha taratibu, na penye mikunjo tumia mswaki laini. Geuza kitambaa kila mara, la sivyo unarudisha samawati ulikoitoa. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha, halafu rudia. Usimwage maji kitini: ndani kuna sponji, na mara nyingi nyaya za umeme.

Ikibaki, wengine hukimbilia spiriti ya vidonda. Inaweza kusaidia na inaweza kuharibu. Ijaribu kwanza mahali pa siri kwa kijiti cha pamba. Pamba ikitoka na krimu, acha hapo hapo. Ikitoka safi, gusa doa kidogo tu na upanguse upesi. Kwa gari la mteja hatuthubutu bila ruhusa yake. Vaseline na mafuta ya kupikia yanang'arisha kiti tu na kushika vumbi, doa liko pale pale.

Viti vya ngozi bandia ya plastiki ni vigumu zaidi. Plastiki hiyo hutiwa vilainishi, na rangi huzama ndani yake. Doa la zamani huenda lisitoke kabisa.

Siku hizi tunakikagua kiti pamoja na mwenye gari kabla hatujagusa beseni. Tunaandika kwenye daftari doa liko wapi na lina muda gani, kisha tunamwambia wazi: tutalipunguza, hatuahidi kulimaliza. Lisipotoka, fundi wa viti anaweza kupaka rangi ya ngozi upya na utando juu yake. Gari likienda, tunamshauri atandike taulo jeupe siku za jinzi mpya.